Rangi ya Bunduki ya Mzee Pandu

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametwambia kila mmoja atafute mstaafu, amhoji kuhusu kazi yake, kisha aandike kwa ajili ya wadogo zetu wa kidato cha kwanza. Wenzangu wametawanyika mitaani kusaka mababu. Mimi sikwenda popote. Mstaafu ni mimi. Nina miaka kumi na saba, magoti mazima, meno yote yamo, na nimestaafu ufundi wa polishi baada ya likizo zangu zote tangu darasa la sita na Jumamosi zisizo idadi. Kwa hiyo kaeni vizuri, wadogo zangu. Shikamoo zenu nshazipokea.

Naitwa Rukia. Karakana ilikuwa ya mjomba wangu, Fundi Sudi, kule Sokomuhogo, chumba kimoja cha chini chenye mlango mkubwa kuliko chumba chenyewe. Mjomba hakuwa seremala. Seremala anatengeneza kabati. Mjomba alikuwa analitia kabati uso. Mtu analeta kitanda cha bibi yake kimepauka kama mkaa uliokwisha moto, anarudi baada ya wiki mbili anakuta anaweza kujitazama ndani yake akachana nywele.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kutokugusa. Mkono wa mwanagenzi unawasha; akiona polishi inang'aa lazima aweke kidole, na kidole kikishaweka alama, siku nzima imepotea. Ukitaka kujua kama imekauka, gusa kwa mgongo wa kidole, tena pembeni, tena baada ya kunusa. Ikiwa bado inanuka spiriti, mikono mfukoni. La pili ni kioo. Kipande cha kioo cha dirisha kinakwangua rangi ya zamani vizuri kuliko msasa wowote, mradi ufuate nyuzi za mbao na mradi usisahau kuwa ni kioo. Mimi nilisahau mara mbili. Mkija nyumbani nitawaonyesha makovu, bure kabisa.

Sasa la tatu, na hili sikulisema popote mpaka leo.

Siku moja, nikiwa kidato cha pili, Mjomba alikuwa anatia rangi kitanda ambacho mwenyewe alikitaka kahawia. Nikaingia nikakuta chekundu, chekundu cha midomo ya harusini. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani ananitania, maana tulikuwa tunataniana sana. Nilipoinua uso, yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika brashi, anakitazama kitanda, kisha ananitazama mimi, kama mtu anayesubiri aambiwe kilichotokea.

"Kuna nini?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojua. Ule ugonjwa wake wa sukari ulikuwa umeshaingia machoni. Umbo alikuwa analiona, mtu akipita alikuwa anamjua, lakini rangi zote zilikuwa zimekuwa moja, rangi ya ukungu. Tulikikwangua kile kitanda sisi wawili. Tulipomaliza akanambia, "Rukia, tangu nianze kazi hii haijarudi kazi hata moja mlangoni kwangu. Siku itakayorudi, watu watajua kuwa sioni. Na siku hiyo mlango huu nitaufunga."

Basi kuanzia hapo macho yalikuwa yangu na mikono yake. Mbele ya wateja tulikuwa na lugha yetu. Rangi ikiwa hafifu, nasema, "Mjomba, chai ya maziwa?" Ikikolea mno, "Mjomba, chai ya rangi?" Ikifika, "Mjomba, chai tayari." Mzee mmoja kutoka Malindi alikaa kwetu tangu adhuhuri mpaka alasiri akisubiri hiyo chai, akaondoka amenuna, akatutangaza mtaani kuwa tuna roho mbaya.

Watu waliendelea kumsifu. Wenye mahoteli walikuwa wameanza kununua rangi za makopo na mashine ya kupulizia, kila kiti kikatoka na rangi ileile kama sare ya skuli, lakini mwenye kitu cha babu yake alikuwa bado anakuja kwa Fundi Sudi. "Jicho la Sudi," wakisema. Mimi nageuka ukutani nisicheke. Baadaye nikawa nageuka nisilie, lakini hayo yaacheni.

Bi Miza alikuja asubuhi moja ya likizo, mwanamke wa makamo, mkulima, kutoka kijiji kilichopakana na msitu wa Jozani. Alikuwa amebeba kitu kirefu kimefungwa kwa kanga, akakilaza mezani taratibu kama mtoto aliyelala. Akafungua.

Kilikuwa kitako cha bunduki. Ule mti tu, tangu pale pa kuegemeza begani mpaka pale mtutu unapolala. Chuma chote hakipo. Na mti wenyewe ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Kijani cha mlango wa duka.

"Cha baba," akasema. "Mzee Pandu. Alikuwa akitulindia mashamba, nguruwe na kima wasitumalize. Alipofariki polisi walichukua chuma, ndiyo sheria, mti wakaturejeshea."

"Mungu amrehemu," Mjomba akasema, mkono wake ushaanza kutembea juu ya mti. "Na hii rangi ya mafuta?"

Bi Miza akasita. "Alipaka mwenyewe. Mwaka wake wa mwisho alikuwa hatujui tena, hata mimi mwanawe. Siku hiyo tulikuwa shambani, tukarudi tukamkuta uwanjani kashika brashi, furaha tele. Tukamwambia nzuri, baba."

Mjomba akakigeuza kitako upande wa pili, taratibu.

"Mama anataka kiwe kama zamani," akaendelea. "Kilikuwa kinatundikwa sebuleni. Sasa msumari umebaki mtupu, na mama kutwa yuko chini yake. Arobaini ni wiki tatu kutoka leo. Nataka watu wakija kusoma khitma wakikute mahali pake."

"Kilikuwa rangi gani?"

Bi Miza akatoa kwenye mkoba kikasha kidogo cha ukili. "Mama kasema kama haluwa. Si nyeusi, si nyekundu, ile inayopitisha mwanga. Kachagua mwenyewe kati ya tatu nilizomletea. Kasema hii hasa."

Mjomba akapokea kile kikasha kwa heshima zote, akakiweka kwenye rafu. Na mimi, wadogo zangu, ilipofika saa kumi njaa inauma, nikakila. Wallahi nilikuwa nimekusudia kuonja pembeni tu. Kesho yake Mjomba ananambia, "Lete ile haluwa tuanze kulinganisha," nami nimesimama kama nguzo.

"Umeila?"

"Nimeila, Mjomba."

"Yote?"

"Na lozi zake."

Akavuta pumzi. "Basi rangi ya Mzee Pandu imo tumboni mwako. Kuanzia leo wewe ndiye sampuli. Funga macho, niambie ilikuwaje." Nikafunga macho, nikaieleza, tena vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote kwenye mtihani. Nafikiri alikuwa amekasirika. Lakini ndiyo siku aliyonifundisha kuishika rangi kichwani, na tangu hapo sijawahi kuisahau ile haluwa.

Ile kijani ilitoka kwa dawa na kwa kioo, siku mbili. Chini yake tukakuta mti mzuri wa kigeni, mzito, umejaa mawimbi. Mjomba alikuwa anaupapasa na kutabasamu. Nikautia rangi ya kwanza, kidogo, pembeni, kujaribu. Rangi ikakataa. Ikajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la jimbi, ikateleza ikaondoka.

Nikamwambia. Mjomba akaunusa mti, kisha akauweka juani, akarudi baada ya saa moja akaunusa tena. "Nazi," akasema. "Kila akitoka kuwinda alikuwa anaupaka mafuta ya nazi."

Mnaweza kuona kosa lenyewe lilivyo la kwetu. Mafuta ya nazi tunapaka nywele, ngozi, mtoto mchanga, mgonjwa, sasa kwa nini asipakwe mti anaoupenda mtu? Lakini mafuta ya nazi hayakauki. Yanaingia ndani ya mbao yanakaa, mwaka kwa mwaka, na jua likiwaka yanatoka jasho. Juu yake hakuna rangi yetu ya spiriti itakayoshika wala polishi itakayoganda; ile kijani ilishika kwa kuwa nayo ni ya mafuta. Mzee Pandu alikuwa ameinywesha bunduki yake nazi maisha yake yote.

Dawa yake ni chaki. Unaisaga iwe unga laini, unaichanganya na spiriti iwe kama uji mzito, unaupaka mti wote, unauacha ukauke. Ile chaki inanyonya mafuta, inageuka manjano. Unaifuta, unapaka nyengine. Mara tano, mara sita, mpaka ikauke nyeupe. Chaki nilizipata. Msiniulize wapi, mwalimu atasoma hapa.

Upande wa kulia niliumaliza kwa chaki. Upande wa kushoto, ule ambao mwindaji anauwekea shavu, ulikuwa umelewa mafuta zaidi, na chaki zikaniishia. Kulikuwa kunatengenezwa nyumba jirani, waashi wameacha ndoo ya chokaa mlangoni. Nikaitazama. Nyeupe. Laini. Ishasagwa. Nikajisemea cheupe ni cheupe. Nikachota pakacha zima la uvivu wangu nikaenda kuupaka mti wa watu.

Nilipoifuta, chini yake mti ulikuwa mweusi. Si weusi wa uchafu, unaofutika. Weusi wa ndani, kama maini. Chokaa inaunguza miti ya namna ile, hilo nalijua sasa. Nikafuta kwa maji, nikafuta kwa spiriti, nikakwangua kwa kioo mpaka kioo kikaisha makali. Ukabaki vilevile.

Mjomba akarudi kutoka kuswali. Akapitisha kiganja upande ule wa kushoto. "Imekauka. Mafuta yametoka. Rangi ya mti je?"

"Nzuri," nikasema.

Neno moja tu. Akanipigapiga begani, akasema, "Umekuwa fundi, mwanangu," akaanza kupanga vikopo vya rangi.

Nataka mnielewe hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Mimi ni mtu wa utani. Nimemwekea mwalimu chura kwenye droo, nimewahi kumpigia simu bibi yangu najifanya mtu wa redio. Uongo mdogo mdogo hauninyimi usingizi. Lakini huu ulikuwa uongo ambao aliyedanganywa hana namna ya kuujua. Angetia rangi juu ya weusi ule, angeng'arisha, angemkabidhi Bi Miza mbele ya watu akiwa na furaha yake yote. Na Bi Miza angekirudisha. Kazi ya kwanza kurudi tangu aanze ufundi, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa machoni.

Siku mbili sikusema. Siku hizo mbili nilikuwa mpole mpaka jirani akauliza kama ninaumwa.

Siku ya tatu Bi Miza akapita, alikuwa amekuja sokoni. Akatuletea mfuko wa mbirimbi, yale matunda machachu, kutoka nyumbani kwake. "Sikuja kuharakisha kazi," akasema. "Mama kanambia niwaamkie tu. Kila siku ananiuliza, imefika wapi? Namwambia mama, iko mikononi mwa Fundi Sudi. Ndipo anapokula."

"Mwambie asiwe na wasiwasi," Mjomba akajibu. "Mti umekubali."

Alipoondoka nikafunga nusu ya mlango. "Mjomba, mti haukukubali. Nilipaka chokaa. Upande wa kushoto umeungua, mweusi, tangu juzi."

Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Akakichukua kitako akakiweka mapajani. "Mweusi kutoka wapi mpaka wapi? Nipeleke kidole."

Nikamshika kidole cha shahada, nikakipitisha kwenye mpaka wa ule weusi, polepole, chini ya shingo ya kitako, ukazunguka pale pa shavu, ukarudi. Kilikuwa kidole kigumu kama ubao wenyewe. Alipomaliza akarudia peke yake, bila kukosea.

"Kwa nini hukunambia juzi?"

Nilikuwa na majibu kumi ya uongo. "Kwa sababu ulikuwa huoni," nikasema.

Nje mtu alikuwa anauza samli, anapita akiita, mpaka sauti ikapotea.

"Ungenifanya mwongo," akasema, "na mimi mwenyewe sijui." Kisha akanyoosha mkono. "Ule mfuko wa mbirimbi uko wapi?"

Hii andikeni pembeni ya madaftari yenu. Mbirimbi haifai kwa achari tu. Bibi zenu wanajua inatoa kutu kwenye kisu na doa kwenye nguo nyeupe. Basi na kwenye mbao inatoa weusi. Tulizitwanga, tukazikamua, tukachuja. Mjomba akachovya kitambaa akawa anapaka mwenyewe, kwa kufuata ule mpaka niliomwonyesha, na mimi kila baada ya muda natangaza kama mtangazaji wa mpira: "Unafifia. Bado. Umefifia tena. Hapo shingoni umegoma." Tukaosha kwa maji, tukakausha kivulini, tukarudia. Siku nne. Macho yangu yaliwasha, kucha zake zikawa nyeupe. Weusi wa maini ukawa kahawia, kahawia ukafunguka, mawimbi ya mti yakarudi juu. Isipokuwa sehemu moja chini ya shingo, ndogo kama tende mbili, iliyobaki na kivuli.

"Tukiongeza?" nikauliza.

"Tukiongeza tutaula mti. Basi."

Halafu nikatia rangi mimi, ya kichwani. Tabaka jembamba, likauke, tabaka jengine. Polishi akaipaka yeye, kwa donge la pamba ndani ya kitambaa laini, mviringo juu ya mviringo bila kusimama, maana ukisimama kitambaa kinanata. Siku nzima kiganja chake kilikuwa kinazunguka. Sijamwona akipaka vile hata vitanda vya maharusi.

Bi Miza alikuja siku mbili kabla ya arobaini. Ilikuwa saa ya kahawa, baraza la mbele limejaa wanaume na vikombe vyao, kila mmoja akinyoosha shingo kuona bunduki isiyo na bunduki. Mjomba akakitoa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Bi Miza akakitazama. Midomo ikamcheza kidogo. "Fundi," akasema, "ndiyo yenyewe hii?"

Nikafungua mdomo nitoe ishara yetu. Mjomba akaninyanyulia mkono ninyamaze.

"Bi Miza," akasema, na wala hakuishusha sauti, "mimi rangi sizioni. Mwaka wa pili huu. Nashika mti tu. Rangi katia huyu mtoto wa dada yangu. Muulize yeye."

Barazani mmoja alikuwa amekwisha peleka kikombe mdomoni, kikabaki hapo hapo.

Bi Miza akanigeukia. "Haya, fundi. Ndiyo yenyewe?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo bila kunicheka. "Kulia ndiyo," nikasema. "Kushoto, hapa chini ya shingo, kuna kivuli. Nilikosea dawa. Mbirimbi zako zimekifuta, hazikukimaliza."

Akatoka nacho mpaka kwenye mwanga wa njia, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto. Akapitisha kidole kwenye kile kivuli. Alichukua muda. Mjomba alikuwa amesimama wima, kichwa ameinamisha kidogo upande, anasikiliza, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Tutakitundika huku kulia kutazame nje," Bi Miza akasema hatimaye. "Upande wa kushoto utaelekea ukutani. Mama atajua. Lakini mama anajua mengi na anayanyamazia." Akakifunga kwenye kanga yake, akampa Mjomba mkono. "Ahsante, Fundi Sudi. Mungu akupe." Akaondoka nacho kifuani, na hakikurudi mpaka leo.

Barazani mtu akakohoa. "Sudi, lile kabati langu la mwaka jana, nani alitia rangi?"

"Rukia."

"Lile zuri lile?"

"Hilo hilo."

"Ala! Na shukurani zote nimekupa wewe!" Wakacheka, naye akacheka nao.

Kazi haikurudi, lakini mlango aliufunga. Nilimwambia tuendelee hivyohivyo, watu washajua, tatizo liko wapi? Akasema tatizo ni kwamba mimi nina mtihani wa kidato cha nne na yeye ana daktari wa macho, na hakuna kati yetu aliyekuwa akimpa mwenzake nafasi. Vioo vyake na makopo kampa seremala wa jirani. Mimi kanipa donge lake la pamba. Ndivyo nilivyostaafu, kwa hiyo kama kuna mmoja wenu anayetaka kujifunza, aje, nitamfundisha kutokugusa.

Kwa kawaida tukirudi nyumbani jioni mimi nilikuwa natangulia hatua mbili, naburuza kandambili kwa makusudi, na yeye anafuata sauti, kwani giza likianza hata maumbo yalimpotea. Watu walikuwa wanasema Rukia hana adabu, anamwacha mzee nyuma. Nilikuwa nimeshazoea kusemwa. Jioni ile ya Bi Miza, baada ya kufunga kufuli, alisimama kizingitini, akasema, "Nipe bega." Nikampa. Tukapita Mkunazini yote hivyo, watu wakitoa salamu, yeye akiwajibu mmoja mmoja kwa majina, mkono wake mzito begani kwangu. Safari hiyo nilinyanyua miguu.